Mashahidi wa Rawya

Kompyuta ya nyumbani kwa Humaid bin Harub iko sebuleni, karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama yake. Tangu mwezi wa Machi wa mwaka 2007 Humaid hakipendi kitambaa hicho wala kilicho chini yake. Akipita hugeuza uso, na siku nyingine huzungukia mlango wa jikoni ili asipite hapo kabisa. Mtu mzima, mkuu wa sehemu wizarani, ndevu zimeingia mvi, anaikimbia kompyuta! Lakini aibu haichagui umri, na hii Humaid aliitafuta mwenyewe. Tena aliitafuta kwa mapenzi, na hapo ndipo panapouma.

Ili ujue alikosea vipi, huna budi kumjua kidogo.

Alizaliwa Tabora, ambako baba yake alikuwa na duka la nguo, na akaja Maskati akiwa kijana wa miaka kumi na minne, yeye na mama yake Bi Kheiria na sanduku moja la bati. Baba alikwisha kufa. Kiarabu alichokuwa nacho kilikuwa cha kuswalia. Nje ya swala hakuweza hata kuomba maji. Siku zile waliotoka Afrika walitakiwa waonyeshe kwamba ni Waomani kweli, na wengi hawakuwa na karatasi ya maana. Basi njia ilikuwa moja: watu wa kabila lako waje, wasimame mbele ya afisa, waseme huyu ni wetu.

Humaid alisimamishwa mbele ya meza. Afisa akauliza jambo kwa Kiarabu, na katika maneno yote kijana alilishika moja tu, "nani". Nani anamjua mtoto huyu? Pakawa kimya. Mama yake alikuwa amekaa nje na wanawake. Humaid anasema mpaka leo kwamba kimya kile anaweza kukusikilizisha, akiwa na nafasi. Kisha mkono ukamtua kichwani. Ulikuwa wa Mzee Marhoon, binamu wa baba yake, aliyekuwa hajapata kumwona Humaid kabla ya asubuhi ile, na hilo halikumzuia hata kidogo kumjua. "Mimi namjua," akasema mzee. "Huyu damu yetu." Wazee waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwa pamoja, na muhuri ukagongwa.

Mtu ni watu. Wengine huusema msemo huo kwa kuwa umewajia mdomoni. Humaid huusema kama anayeonyesha hati ya nyumba. Ndiyo maana hakosi maziko wala harusi. Ukifiwa, ukitoka tu nje unamkuta keshafika, keshavua saa, anapanga viti na kuulizia kahawa. Mtoto wa jirani akienda kuposa, Humaid yumo katika ujumbe. Miaka ya tisini, alipokuwa keshapanda cheo wizarani kule Maskati na Kiarabu chake kimenyooka (isipokuwa akikasirika, ndipo Tabora inapotokeza), alijulikana kuwa ndiye bwana wa kusema, "Nakwenda naye mimi." Mtu ana shida ofisi fulani? Nakwenda naye mimi. Mwaka 1992 mkewe alipofariki, watu wakamrudishia. Nyumba yake ya Bawshar haikupungua watu mwezi mzima, na shangazi yake Zuwena akahamia kabisa kumlea binti mdogo, Rawya, mpaka alipoweza kujisukia nywele mwenyewe.

Tangu msiba ule ukoo ukazoea kula chakula cha Ijumaa hapo. Pilau inapikwa katika sufuria ambalo mtu mmoja halinyanyui, na baada ya swala magari yanajaa mpaka kwa jirani.

Rawya akakua katika makelele hayo, naye mwenyewe akawa mkimya. Mwaka huo wa 2007 alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na alikuwa mhariri mkuu wa jarida la utafiti ambalo wanafunzi wanaliendesha wenyewe. Waliliita Nafidha, yaani dirisha. Lilianzishwa na wanafunzi mwaka 1998 na tangu hapo halikupata kusimamiwa na mwalimu: wanafunzi wanaandika, wanafunzi wanasahihisha, na jarida likitoka kiwanda cha chapa wanafunzi wanabeba maboksi. Lilitoka mara moja kwa mwaka, jembamba, na ndani yake mna mambo ya visima, ya majina ya mitaa, ya lugha za watu. Rawya aliandika makala juu ya maneno ya jikoni ya bibi waliotoka Tabora. Bi Kheiria alipooneshwa alishangaa. "Yaani mimi na mwiko wangu tumeingia kitabuni?" Akalala na jarida chini ya mto.

Basi Rawya akaandika habari za Nafidha katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kutaka kilichoandikwa kifutwe. Na mtu akataka. Hakujulikana ni nani wala anakaa nchi gani. Aliandika tu kwamba hili ni jarida la wanafunzi, dogo, na haoni sababu ya kulitengea ukurasa. Kwa kawaida ya huko, ukafunguliwa mjadala wa wiki moja. Ubaki au ufutwe? Kila mtu ruhusa kusema.

Jumatano jioni Rawya alimweleza baba yake walipokuwa wanakula, maana Humaid alimwona anazungusha kijiko tu.

"Wanataka nini sasa?" akauliza Humaid.

"Wanataka mtu wa nje, baba. Mtu asiyetujua, aliyeandika habari za jarida letu bila ya kuombwa."

"Mtu asiyekujua atakusemea nini?"

Rawya akacheka. "Ndiyo kanuni yao. Na mimi naona wana haki. Sisi wenyewe tutasema sote ni zuri." Akamwambia alichokwisha kupata: mtaalamu mmoja wa Uholanzi aliitaja makala ya Nafidha katika kitabu chake, na gazeti moja liliwahi kuandika safu nzima. Watu wawili katika mjadala walikuwa wamekwisha kugeuza rai kwa ajili ya hayo. Sasa alikuwa anatafuta tahakiki moja ya zamani, ya mwaka 2001 au hapo karibu, ambayo wanafunzi wa mwanzo walisema iliandikwa ng'ambo. Nakala yake huenda imo katika maboksi yaliyohifadhiwa kwa mwenzake Aseel, Ghubra. "Ijumaa nitakwenda kwao tukatafute. Tukiipata hiyo, khalas, hawana la kusema."

Maneno yote hayo Humaid aliyasikia. Mimi simtetei. Aliyasikia, akatikisa kichwa, akasema inshallah. Lakini lililomwingia moyoni lilikuwa moja tu: mtu fulani, mahali fulani, amemsimamisha mtoto wake mbele ya meza na anauliza nani anamjua, na pako kimya.

Ijumaa Rawya akaenda Ghubra. Watu wakala, wakanawa, wanaume wakaegemea mito, na Humaid akasimama katikati ya sebule kama anayetangaza harusi.

"Jamaa zangu, mtoto wetu ana jambo."

Hakuhitaji kusema zaidi ya hapo. Mtu akiwa na jambo, watu hawaulizi ni jambo gani. Wanauliza wafike saa ngapi. Saeed, binamu yake, akaanza kutafuta viatu. Ilibidi Humaid amwambie hakuna pahala pa kwenda, jambo lenyewe liko pale pale, kwenye kompyuta. Akaeleza kwa namna yake: kuna mahakama ya watu wasioonekana, wanataka kumfutia Rawya kazi yake, na kila mwenye neno anaruhusiwa kutoa ushahidi.

"Kumfutia Rawya?" Shangazi Zuwena akakaa wima. "Kwa kosa gani?"

"Wanasema hawamjui."

"Hawamjui! Basi watamjua leo."

Kitambaa kikaondolewa. Yazid, kijana wa binamu yake Humaid, anayefanya kazi benki, akakaa kwenye kiti kwa sababu ndiye mwenye Kiingereza cha mbio, na wengine wakapanga foleni kutoka sebuleni mpaka ukumbini. Kila mmoja alifunguliwa jina lake la kuingilia, na kila mmoja akasema la moyoni, Yazid akitafsiri na kuandika.

Shangazi Zuwena alikuwa wa kwanza. "Andika: mimi ndiye niliyemlea Rawya tangu mama yake alipofariki. Ni mtoto mwenye adabu, anaswali, na hajapata kumjibu mkubwa. Jarida lake zuri. Nimeliona kwa macho yangu."

Saeed akasema kwamba anamjua baba wa msichana tangu alipotia mguu Maskati, kwamba nyumba yao ni nyumba ya kheri, na kwamba mwenye kutaka kuuliza zaidi amuulize yeye. Akasisitiza namba yake ya simu iandikwe, na ikaandikwa. Mke wa Saeed akashuhudia kwamba hakuna harusi ambayo Rawya hakuja kusaidia kupika. Ukiusoma ushahidi ule kutoka juu mpaka chini ungedhani kuna bwana amekuja kumposa msichana na sasa ukoo unaulizwa tabia yake. Nafidha lenyewe halikutajwa ila kwa kupitiwa.

Bi Kheiria aliletewa kiti. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie huyo anayetaka kufuta, nnamuuliza: yeye hana mama? Amche Mungu." Yazid akalilainisha kidogo alipoliandika.

Katikati ya shughuli Yazid aligeuka. "Ami, hawatajua kwamba sote tunaandikia kompyuta moja?"

"Na wajue!" Humaid akasema. "Nyumba moja, watu wamoja. Pana aibu gani hapo?"

Yazid akarudi kuandika. Benki alikuwa anakagua saini za watu kutwa, na kitu kilimwambia kwamba hili si sawa, lakini nani atambishia ami yake mbele ya ukoo mzima, tena akiwa ameshiba pilau yake?

Humaid peke yake hakutoa ushahidi. Walimshika wamalizie na yeye, akakataa, akaweka mkono kifuani. "Baba hamsifu mwanawe." Hiyo ndiyo adabu aliyofunzwa, na aliifuata siku ambayo kila kitu kingine alikikosea. Wakafunika kompyuta, wakaleta halwa. Rawya hakuambiwa. Humaid alitaka alione mwenyewe, kama zawadi inayoachwa mlangoni. Usiku ule aliporudi kutoka Ghubra amechoka, vumbi la maboksi mpaka kwenye shungi, alisema tu, "Tumeipata, baba," akaenda kulala. Baba akatabasamu gizani, akajiona ana mawili ya kumfurahisha.

Jumamosi Humaid alitoka kazini mapema, akakaa sebuleni kumngoja. Aliposikia mlango alikuwa ameshatayarisha uso wa mtu anayejifanya hajui kitu.

Rawya aliingia, akavua viatu, akakaa kiti cha mbele yake. Hakuwa analia. Humaid angetamani awe analia.

"Baba, jana mlifanya nini?"

Akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa, na Humaid alivyokuwa akisikiliza ndivyo lile tabasamu lilivyokuwa likimfia usoni. Asubuhi wahariri wa Nafidha walikutana, na siku hiyo alikuwepo na mhadhiri mmoja aliyetaka kuwasaidia. Aseel akasema kwamba amesikia ukurasa wao umevamiwa na watu tangu jana; akamuuliza Rawya mbele ya wote, je, umeita watu? Maana hilo ndilo jambo ambalo kule halisameheki, kukusanya watu wa kukusemea.

"Nikaapa, baba. Nikasema wallahi sikumwita mtu. Kisha tukafungua ukurasa sote pamoja. Jina la kwanza, Zuwena. 'Mimi ndiye niliyemlea Rawya.'"

Bi Kheiria, aliyekuwa pembeni na tasbihi yake, akachangamka aliposikia. "Na langu mimi walilisoma?"

"Walilisoma, bibi," akasema Rawya kwa upole.

Ukurasa ulikuwa umefutwa, hata wiki haikungojwa. Wasimamizi waliangalia wakakuta majina yote yamefunguliwa mchana mmoja, mahali pamoja, na ndipo hapo hapo mwenyewe Rawya huandikia. Wakahukumu kwamba watu hao hawapo. Wamebuniwa na msichana mmoja aliyekaa peke yake akijiandikia mashangazi. Shangazi Zuwena, ambaye akiingia chumbani viti vinajijua, ameandikwa kuwa mtu wa kubuni! Namba ya simu ya Saeed hakuipiga mtu. Na jina la Rawya limefungiwa. Hawezi kuandika tena, hata kujitetea. Kwenye mjadala kulikuwa na jibu moja la mwisho kabla haujafungwa, na Rawya alilijua kwa moyo: hakuna anayetia shaka adabu ya binti huyu; tuliuliza ni nani asiyemjua ameandika juu ya jarida hili.

"Wenzangu hawasemi kitu," akasema Rawya. "Lakini hakuna aliyenitazama. Niliapa, baba. Umenifanya nikaapa uongo mbele ya watu, na mimi sikujua kama ni uongo."

Hapo Humaid akaona haya ambayo hajapata kuyaona tangu azaliwe. Alitaka kusema ni mapenzi, ikawa neno hilo halina pa kushika. Alitaka kusema hakujua, naye alikuwa ameambiwa Jumatano kwa Kiswahili fasaha, juu ya wali wake mwenyewe. Penye wengi pana mengi, wahenga walisema, naye aliyewaleta wengi hao ni nani kama si yeye?

"Lini mnakutana tena?" akauliza hatimaye.

"Jumatatu. Wataamua kama nibaki mhariri."

Na hapo, Mungu amsamehe, Humaid akafanya kile anachokijua. "Nitakuja," akasema. "Nakwenda nawe mimi. Tutamchukua na Saeed, na shangazi Zuwena akipenda, wamwone kwa macho yao kwamba yupo, tuwaeleze kwamba wewe..."

"Usije, baba."

Alisema taratibu, bila hasira. Humaid akadhani hakusikia vizuri.

"Usije wewe, na usilete mtu."

Katika maisha yake yote hakuna aliyepata kumwambia Humaid bin Harub asije. Alibaki amefungua mkono, kama anayengoja apewe kitu. Rawya akainuka, akaenda kumpashia bibi yake chakula. Bi Kheiria akamtazama mwanawe, akauliza, "Kwani tumekosa nini, Humaid?" Mama alikuwa nje na wanawake, siku ile ya muhuri. Na leo vile vile alikuwa nje ya jambo.

Jumapili kazini hakunywa chai. Aliletewa kijana mwenye ombi, amefuatana na ami zake watatu, wamevaa majoho kama wanaokwenda kwenye harusi, na kabla hajauliza kitu mkubwa wao akaanza, "Huyu kijana ni wetu, tunamjua." Siku nyingine Humaid angeagiza kahawa. Siku hiyo uso ulimshuka mbele yao, akageukia dirisha kama anayetafuta faili, na ombi la watu akalipitisha bila ya kulisoma. Hakuweza kuwatazama wale ami machoni. Aliona kwamba walikuwa wamependeza sana.

Jumatatu Rawya akaenda peke yake. Hawakumfukuza, alijiondoa mwenyewe, akawaambia hawezi kuwataka watu waamini jarida linaloongozwa na mtu aliyeapa akakutwa vile. Kazi ya uhariri akapewa Aseel. Aliporudi aliweka mezani nakala ya ile tahakiki waliyoipata Ghubra, iliyokuwa imekusudiwa kupelekwa Jumamosi, akasema sasa haina haraka.

Humaid aliichukua akaisoma, neno kwa neno, na kamusi pembeni. Ilikuwa aya tatu tu, na aliyeiandika hakuwa anamjua mtu hata mmoja wao. Hakusema wanafunzi hawa wana adabu wala wametoka nyumba gani. Alisema kazi yao ya visima ni ya kuaminika na ile ya majina ya mitaa ina makosa mawili, akayataja, na kwamba yeye angependa kusoma toleo lijalo. Basi. Humaid akairudia. Akahisi jinsi maneno makavu yale yalivyokuwa mazito kuliko foleni nzima iliyotoka sebuleni mpaka ukumbini, na akajua kwamba mtoto wake alikuwa anayo mkononi, usiku ule ule, wakati yeye anatabasamu gizani. Aliona haya mpaka akaigeuza karatasi ile kifudifudi.

Alingoja mpaka Rawya akaenda chuoni, akaondoa kitambaa, akakaa kwenye kiti. Hakumwita Yazid. Anwani ya wasimamizi alikuwa ameinakili. Kwa Kiingereza chake cha ofisini, kwa kidole kimoja, akawaandikia kwamba watu wale wapo wote, ni jamaa zake, na yeye ndiye aliyewakusanya. Kwamba binti hakujua, alikuwa ametoka. Kwamba aliyekosa ni yeye. Alimaliza hivi: Mimi namjua. Mimi ni baba yake. Akatia jina lake kamili na la baba yake na la kabila. Afadhali lawama kuliko fedheha, alijiambia. Lawama aibebe yeye, fedheha imwondokee mtoto.

Jibu lilikuja baada ya siku chache. Humaid hakuthubutu kulifungua peke yake, akamwita Rawya. Hakuwa amemwambia kama ameandika. Rawya akasimama nyuma ya kiti chake, akaisoma kwanza barua ya baba yake, yote, na Humaid akasikia pumzi yake juu ya kofia yake. Kisha akasoma jibu.

"Wanasema nini?"

"Wanakushukuru kwa kuandika."

"Eh. Kisha?"

"Wanasema hawana njia ya kujua kwamba wewe ni baba yangu. Wala kwamba si mimi mwenyewe ninayeandika."

Sebule ikawa kimya. Kimya kile kile, Humaid alikitambua. Alikuwa na miaka kumi na minne mara ya mwisho kukisikia hivyo, na sasa hapakuwa na mkono wa kumtua kichwani. Akaangalia maandishi asiyoyaelewa vizuri, akatafuta la kufanya, akalipata moja tu.

"Waambie wakuulize wewe," akasema. "Wewe si unanijua?"

"Nakujua, baba," akasema Rawya. "Lakini mimi wamenifungia."